Malaika Aliyetumwa Gethsemane

Masomo: Luka 22:39-46; 1 Wafalme 19:1-8; Isaya 33:7

Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia zenu na kusoma masomo haya matatu, polepole, nyumbani pamoja na watoto. Mafundisho ya leo yatashika njia yake ndani ya masomo hayo.

Sisi tunaofuata njia iliyofunguliwa Nkamba hatushangai kusikia habari za malaika. Nyimbo zetu nyingi hazikutungwa kwa akili ya mtu. Ndugu au dada alizisikia zikiimbwa, akazipokea, kisha zikapimwa na kanisa ndipo tukaziimba. Lakini kuimba ni sehemu moja tu ya kazi ya malaika. Leo tunauliza neno ambalo halifundishwi mara nyingi. Malaika akitumwa kwa mtu mwenye uchungu, yeye mwenyewe anaona nini? Na kama ameamriwa asiuondoe uchungu huo, anafanya nini na amri hiyo?

Swali hili si la kupoteza wakati. Katika mji wetu wa Bukavu, kutoka Kadutu mpaka Ibanda, kutoka Bagira mpaka Panzi, kila siku mtu fulani anatumwa kwa mtu mwingine aliyevunjika moyo. Shemasi anatumwa kwa mjane. Mama wa maombi anatumwa kwa binti aliyetendewa ubaya njiani. Muuguzi anatumwa kwenye kitanda cha mgonjwa asiyepona. Wote hao ni wajumbe. Ndiyo sababu habari ya malaika wa Gethsemane ni habari yetu.

1. Neno moja, wajumbe wa namna mbili

Katika Kiswahili tunatenga maneno mawili: malaika ni wa mbinguni, mjumbe ni mwanadamu. Katika Kiebrania cha Agano la Kale neno ni moja tu, mal'ak, yaani yule aliyetumwa. Sasa tazameni vita vya mfalme Hezekia. Mfalme wa Ashuru alikuja na jeshi kubwa juu ya Yerusalemu. Hezekia aliwatuma watu watatu, Eliakimu, Shebna na Yoa, wakasikilize maneno ya adui ukutani. Walirudi nguo zao zikiwa zimeraruliwa (2 Wafalme 18:37). Nabii Isaya naye, katika sura ya 33, anawaonyesha wajumbe wa amani wakilia kwa uchungu, na neno aliloliandika pale ni lile lile la malaika.

Halafu, katika vita hivyo hivyo, usiku mmoja malaika wa Bwana alitoka akapiga watu 185,000 katika kambi ya Ashuru (2 Wafalme 19:35).

Wandugu, hapa kuna wajumbe wa namna mbili. Mmoja anamaliza vita usiku mmoja. Wengine wanarudi wakilia, hawana jibu mkononi. Wote wanaitwa kwa neno moja, na wote walitumwa. Kila mtumishi anapenda kuwa yule wa kwanza. Tunapenda kuweka mikono juu ya mgonjwa asubuhi, na jioni aende sokoni. Mungu wetu anaweza kufanya hivyo, na amefanya. Lakini siku nyingi anatutuma kama wale watatu, na mtumishi asiyejua hivyo ataona aibu kwa machozi yake, au atasema uongo ili ayafiche.

2. Malaika aliyerudi mara ya pili

Sasa njooni jangwani kwa Eliya. Nabii huyu alikuwa ameshinda juu ya mlima Karmeli, lakini baada ya vitisho vya Yezebeli alikimbia, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika akaja. Hakumkemea kwamba hana imani, wala hakumkumbusha ushindi wa Karmeli. Alimgusa.

Shikeni neno hilo. Ndugu zetu Waswahili wa pwani huita malaika hata vile vinyweleo laini vya mwilini, vinavyosimama mtu akipatwa na baridi au woga. Ni kana kwamba lugha yenyewe inatuambia kwamba malaika hakai mbali na ngozi ya mtu.

Kisha someni kwa uangalifu maneno yake. Mara ya kwanza alimwambia Eliya aamke ale. Hiyo ni amri tu. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika hakusema kwamba kazi yake imekwisha. Alirudi. Na mara ya pili, pamoja na amri ile ile, aliongeza sababu: safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zako. Mara ya kwanza alileta mkate. Mara ya pili alileta mkate pamoja na kutambua uchovu wa mtu. Hatusemi zaidi ya Maandiko, lakini mbele ya macho yetu kuna mjumbe ambaye, kati ya ziara ya kwanza na ya pili, alimtazama mtu akilala usingizi wa kukata tamaa, na maneno yake yakawa na huruma.

Basi ninyi mnaotembelea wagonjwa, mkienda mara moja mmetimiza zamu. Mkirudi mara ya pili ndipo mnaanza kumjua mtu.

3. Kikombe hakikuondolewa

Tunafika bustanini. Usiku ule Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba angeweza kumwomba Baba naye angemletea majeshi kumi na mawili ya malaika na zaidi (Mathayo 26:53). Hayakuja majeshi kumi na mawili. Alikuja malaika mmoja. Na hakutumwa kumwokoa Bwana na wale wenye marungu na panga. Luka anaeleza kazi yake kwa neno moja: alimtia nguvu.

Hatujui jina la malaika huyo. Lakini fikirini amri aliyopewa. Amezoea kusimama mbele za Mfalme wa utukufu. Sasa anatumwa duniani, anamkuta Mfalme yule yule amepiga magoti katika udongo, amezungukwa na rafiki waliolala. Anasikia Mwana akiomba kikombe kiondolewe. Malaika ana nguvu. Ametumwa na Baba. Hajatumwa kuondoa kikombe.

Hapo ndipo jaribu la mjumbe. Mtume Petro anaandika kwamba mambo ya wokovu wetu ni mambo ambayo malaika wanatamani kuyachungulia (1 Petro 1:12). Anayechungulia bado hajaona yote. Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, unafundisha kwamba Mwana hakuchukua hali ya malaika, alichukua damu na nyama ya watu, ili aweze kuwahurumia wanaojaribiwa. Basi malaika hajui njaa. Hajui homa ya usiku. Hajui maana ya kuzika mtoto. Yule wa Gethsemane alitii amri akiwa ndani ya jambo asilolijua kwa mwili wake, na mwalimu wake usiku ule alikuwa Yesu mwenyewe, katika jasho lake.

Tena angalieni mpangilio wa mistari. Mstari wa 43 malaika anamtia nguvu. Mstari wa 44 Yesu anazidi kuomba katika dhiki, na jasho lake linaanguka kama matone ya damu. Jasho lilikuja baada ya malaika. Wengi wetu tungeandika kinyume: kwanza jasho, kisha malaika, kisha raha. Luka hakuandika hivyo. Nguvu aliyoleta malaika haikuwa dawa ya kuua maumivu. Ilikuwa nguvu ya kuomba ndani ya maumivu, mpaka Bwana akasimama na kwenda mwenyewe kuwaamsha wanafunzi.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ulimwombea mgonjwa naye akazidi kulia, kwa hiyo maombi yako yalikuwa ya bure, mwonyeshe mistari hii miwili.

4. Mjumbe aliyekimbia wito

Papa Simon Kimbangu naye aliijua vita hii. Mnajua kwamba aliisikia sauti ya Bwana tangu mwaka 1918, wakati ugonjwa wa mafua mabaya ulipokuwa unaua watu wengi katika nchi. Aliitwa achunge kondoo. Aliona mzigo huo haumfai, akakimbilia Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, kutafuta kazi kama watu wengine. Sauti haikumwacha huko. Akarudi kijijini. Na tarehe 6 Aprili 1921, pale Nkamba, alimwekea mikono mama mgonjwa, naye akapona. Watu wakaanza kumiminika.

Kazi ile ya wazi haikufika hata nusu mwaka. Mwezi wa Septemba 1921 alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120, kisha kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa mbali na watu wake, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Pimeni hesabu hiyo. Miezi michache ya kuponya, miaka 30 ya kutengwa. Kama nguvu ya mjumbe ni kuondoa kikombe tu, miaka ile 30 ilipotea. Lakini sisi tunajua haikupotea. Wakati yeye yuko gerezani, Mama Marie Muilu alilichunga kundi kwa siri, waamini wengi walihamishwa mbali na vijiji vyao, na imani ikatembea pamoja nao. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ya kikoloni ililitambua kanisa. Mbegu ilikuwa imekaa chini ya udongo miaka hiyo yote.

5. Mashahidi wa hapa kwetu

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mashahidi wengine. Wawili tutakaowataja si wa kanisa letu, lakini ukweli hauulizi kadi ya ubatizo.

Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, wa Kanisa Katoliki, alikuwa mchungaji katika mji huu vita ilipokaribia mwaka 1996. Wakubwa wengi waliondoka. Yeye alibaki na watu, akiandika barua na kuomba amani, akitetea wakimbizi na wenyeji pamoja. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa hapa hapa Bukavu. Watu wanakumbuka fundisho lake kwamba yako mambo ambayo huwezi kuyaona vizuri mpaka macho yako yawe yamelia. Tukilisoma fundisho hilo pamoja na Gethsemane, tunaelewa sababu ya Mungu kumtuma mjumbe mahali asipoweza kumaliza taabu. Anamtuma ili aone.

Wa pili ni Daktari Denis Mukwege. Baba yake alikuwa mchungaji wa Wapentekoste. Daktari ameeleza mwenyewe kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hakutoa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si mganga wa hospitali. Mtoto akaamua: baba ataomba, yeye atatoa dawa. Mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ya Lemera alikofanya kazi ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, akitaka wamama wajifungue salama. Walioletwa kwake ni wamama walioharibiwa na vita. Mwaka 2018 dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini leo hatutazami tuzo. Tunatazama mwaka 2012. Tarehe 25 Oktoba watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Mlinzi wake aliuawa, yeye akaokoka. Akaondoka na familia kwenda ng'ambo. Nani angemlaumu? Ndipo wamama wa kisiwa cha Idjwi, maskini ambao wengi hawapati hata dola moja kwa siku, wakaanza kuuza mananasi na mboga zao ili wamlipie tiketi ya ndege ya kurudi. Tarehe 14 Januari 2013 alirudi. Watu walijaa kando ya barabara ya kutoka Kavumu kumpokea.

Wandugu, sikilizeni jambo hili. Watu walimwita daktari yule malaika wa wamama. Lakini siku malaika alipochoka, ni nani alitumwa kumtia nguvu? Ni wagonjwa wenyewe na dada zao, na vikapu vya mananasi kichwani. Hawakuweza kumwondolea hatari. Hawakuwa na bunduki wala serikali. Walimpa nguvu ya kurudi katika kazi yake. Hiyo ndiyo kazi ya malaika wa Gethsemane, na ilifanywa na mikono iliyopasuka kwa jembe.

6. Onyo kwa wenye maono

Sasa tunasema na nyumba yetu wenyewe, makanisa ya unabii. Mwaka 2021, katika vijiji vya Kivu ya Kusini, wamama wazee waliuawa, wengine kwa moto, kwa sababu walitajwa kuwa wachawi. Waliowataja mara nyingi walikuwa watu wa vyumba vya maombi, wanaoitwa bajakazi, waliosema wameonyeshwa na Mungu.

Hapa tusipindishe maneno. Huyo ni mjumbe asiye na machozi. Amemkuta mtu mwenye msiba, anayeuliza kwa nini mtoto wangu amekufa. Mjumbe huyo hakuweza kusimama kimya mbele ya swali. Hakuweza kuwa yule anayerudi nguo zimeraruliwa bila jibu. Akatafuta jibu la haraka, na jibu hilo likawa bibi wa jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko.

Maono yakikuongoza umtupie jiwe mama mzee, si malaika wa Bwana aliyekuletea. Vilevile ukimwambia binti aliyebakwa kwamba amebeba roho chafu, au ukimshauri mume wake amfukuze, unamwongezea jasho pasipo kumtia nguvu. Malaika wa Hajiri alimkuta mwanamke aliyefukuzwa, ameketi mbali ili asione mtoto wake akifa. Neno lake la kwanza lilikuwa swali: una nini, Hajiri? (Mwanzo 21:17). Malaika, anayetoka kwa Mungu ajuaye yote, alianza kwa kuuliza. Sisi tusiojua yote tunaanza kwa kuhukumu?

7. Basi tufanye nini?

Tunazo nguzo tatu tulizofundishwa: Upendo, Amri na Kazi. Zishikeni zote tatu pamoja.

Upendo bila amri na kazi unalia kidogo, kisha unakimbia. Ulie pamoja na mfiwa, lakini kesho yake uonekane tena mlangoni.

Amri bila upendo ni jiwe. Inasema Eliya, amka ule, na haiulizi kama ana nguvu ya kusimama. Mnaotumwa na baraza la mashemasi msiende kwa ajili ya kuandika jina katika daftari ya ziara. Tunavua viatu tunapoingia kuomba. Tukiingia katika nyumba ya msiba, tuvue na haraka yetu.

Kazi ni mkate na maji chini ya mti. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita ilipoingia Bukavu na maduka kufungwa, kulikuwa na majirani waliogawana kikombe cha unga wakiwa hawajui kesho itakuwaje. Hakuna aliyewahubiria kwanza. Mgonjwa mpeleke hospitali na umwombee huko huko. Binti aliyeumizwa apelekwe kwa waganga upesi, siku hiyo hiyo, pasipo kusubiri mfungo uishe. Dawa na maombi ni wajumbe wawili wa Bwana mmoja.

Na wewe mtumishi ambaye imani yako imechoka, uliyeomba mwaka mzima na kikombe kiko pale pale, hatukuambii kwamba umepungukiwa. Malaika wa Gethsemane hakupungukiwa na kitu. Alitii, akakaa karibu, akatia nguvu, na kikombe kikabaki. Siku ya tatu ndipo malaika walipokaa kaburini na habari njema, jiwe likiwa limeondolewa. Aliyetumwa bustanini usiku wa jasho alitumwa na Mungu yule yule aliyewatuma asubuhi ya ufufuo.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemtuma malaika wako kwa Mwanao, ututume na sisi. Utupe macho yanayolia na miguu inayorudi mara ya pili. Utuondolee ulimi wa haraka. Uwatie nguvu wajane wa Kadutu, wagonjwa wa Panzi, wavuvi wa ziwani, na wote waliokimbia nyumba zao. Na siku sisi wenyewe tutakapoanguka chini ya mti, umtume mtu atuguse. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.